Wabara wa Kisiwa cha Jezi

"Etu la?"

Ndivyo nilivyoisikia mara ya kwanza: sauti ya bibi mzee ikipaa kutoka sebuleni kama mtu anayeita ng'ombe walio ng'ambo ya bonde, na simu iliyowekwa spika ikikoroma tu, krrr, krrr, bila kujibu. Halafu tena, kwa nguvu zaidi: "Etu la?" Sauti ile ninayo mpaka leo. Nikifumba macho nasikia hadi ule mkwaruzo wa mwisho, kama kiti kinachoburutwa sakafuni. Nilikuwa mgeni Maskati, nimesimama katika jiko la watu huko Qurum na bakuli la vitunguu mkononi, na moyo ukaniruka. Nikasema kweli Mungu hamtupi mja wake, kumbe humu ndani kuna mzungu anayejua Kiswahili. "Etu" si ndiyo yetu? Na "la" ni hapana. Bibi wa watu anauliza kama kitu fulani ni chetu, kisha anajijibu mwenyewe kwamba hapana, si chetu. Sarufi ilikuwa mbovu, lakini kwa ukweli huo alikuwa amewapita wazungu wote niliosimuliwa shuleni.

Nikafuta mikono, nikaenda, nikapiga goti dogo la heshima. "Shikamoo, bibi."

Akanitazama kama mtu anavyolitazama friji lililomwamkia.

Kumbe haikuwa Kiswahili. Kumbe "etu la" ni "upo hapo?", na ndivyo alivyokuwa akimwita rafiki yake wa utotoni, aliyekuwa upande wa pili wa simu, upande wa pili wa dunia, akitafuta miwani yake ili asikie vizuri. Alipoipata, akajibu naye kwa kelele, na wakaendelea hivyo mpaka vitunguu vyangu vikaungua. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza katika nyumba ile: kuunguza vitunguu kwa ajili ya lugha nisiyoijua.

Nyumba ilikuwa ya watu watatu, nami wa nne. Baba wa nyumba ni mhandisi, mzungu aliyekuja Omani kijana kwa kazi za mabomba, akaoa, akasilimu, akabaki. Mama wa nyumba ni Mwomani ambaye wazee wake walitoka Unguja. Anafanya kazi ofisini, anaendesha gari kama mtu anayekimbia mvua, na Kiswahili chake ni kile cha kwao, kilichonyooka na kupigwa pasi. Huyu bibi alikuwa mama yake baba. Alianguka bafuni huko kwao, mwanawe akamleta Maskati akisema joto litamponya nyonga. Joto halikuponya chochote, lakini lilikuwepo kwa wingi. Mimi nikaletwa nimwogeshe, nimlishe, nimkumbushe dawa, na nimtembeze uani asubuhi kabla jua halijaanza uonevu wake.

Jioni yangu ya kwanza ya mapumziko nilimsimulia dada mmoja wa Mbeya, aliyekuwa akifanya kazi nyumba ya jirani.

"Bibi yako wa wapi?" akaniuliza.

"Wa Jezi."

"Jezi ya timu gani?"

"Ni kisiwa, dada. Kiko kati ya Uingereza na Ufaransa."

"Kwa hiyo kuna watu wanaishi kwenye jezi. Na lugha yao?"

"Inaitwa kama Kijeriye hivi."

"Naijeria?"

"Jeriye."

"Mdogo wangu," akasema, "umeanza kuchanganyikiwa mapema. Wengine huwa tunasubiri mwaka uishe."

Basi niieleze lugha yenyewe, mimi niliyeishia kidato cha pili, kwa kuwa waliosoma hawakuwepo sebuleni siku zile. Kijeriye ni mtoto wa lugha iitwayo Kinormani. Kinormani na Kifaransa ni ndugu, ila Kifaransa kilikwenda mjini kikapata kazi serikalini, na Kinormani kikabaki shamba na wazee. Hata sasa ukivuka maji kwenda Ufaransa viko vijiji vinavyokisema, kila kijiji kwa namna yake, kila kimoja kikimcheka mwenzake, na vyote vikiisha taratibu. Visiwani ni hivyo hivyo. Bibi alipokuwa mtoto, wakati wa ile vita kubwa, askari wa Kijerumani walikikalia kisiwa chao, na wazee wakawa wanasengenya mbele yao kwa Kijeriye bila wasiwasi wowote. Vita ilipokwisha, shuleni watoto wakachekwa kwa kuisema lugha hiyo hiyo. Lugha iliwashinda Wajerumani, ikashindwa na mwalimu wa darasa la tatu. Bibi alipozaa akafanya kama wenzake: akamlea mwanawe kwa Kiingereza tupu, ili apate maisha. Na kweli aliyapata maisha, si ndiyo haya ya Qurum, yenye viyoyozi kila chumba? Kitu asichokipata ni namna ya kumjibu mama yake.

Simcheki sana. Mimi mwenyewe Kinyaturu cha kwetu Singida kinaishia kwenye salamu na matusi.

Sasa, lugha ile ina kitu kimoja kilichonihusu mimi binafsi, kama vile kilitengenezwa kunikomoa. Pale ambapo Kifaransa kina r katikati ya neno au mwishoni, wao mara nyingi wanaweka dh. Mama, ambaye Mfaransa anamwita "mer", kwa bibi ni "medh". Naandika kama nilivyosikia. Wenyewe wana tahajia yao ya kofia na mikwaju, wanisamehe. Ni dh ile ile ya dhambi na dhahabu, ya kutoa ncha ya ulimi kama paka anayeonja maziwa. Na mimi, kama wenzangu wengi wa bara, ulimi wangu huwa hautoki nje. Unakaa ndani, unasema z.

Mama wa nyumba alikuwa ameshaligundua tatizo hilo siku niliyofika.

"Mama, tafazali, ufunguo wa stoo uko wapi?"

"Uko pale pale ulipoiacha dh yako. Sema tafadhali."

"Tafazali."

"Dhh. Toa ulimi, mwanangu, hakuna atakayeukata."

"Tafazz..."

"Wallahi nyinyi watu wa bara mmezaliwa na kufuli kinywani. Hebu sema dhambi."

"Zambi."

"Zambi ni nini? Ukisema zambi hata malaika hajui aandike nini."

"Basi mama, bora niendelee nazo hizo hizo."

Akacheka mpaka akashika meza. Alikuwa na ucheshi mzuri mama yule, na alinipenda. Ila kwenye dh hakuwa na msamaha. Alikuwa akiamini, nadhani, kwamba Unguja ilianguka siku ile mtu wa kwanza aliposema "razi".

Kwa hiyo mfikirie furaha yangu nilipogundua, baada ya Ijumaa kadhaa za kusikiliza simu ya bibi, kwamba yule rafiki yake hakuwa akisema dh. Alikuwa akisema z. Bibi akisema "medh", mwenzake kule anasema "mez". Nikamwuliza bibi kwa Kiingereza changu cha kuombea maji: mbona yule anasema tofauti?

Uso wa bibi ukafunguka. Akanieleza kwamba mwenzake amezaliwa kona moja ya mashariki ya kisiwa, vijumba vichache tu karibu na bahari, na huko ndivyo walivyo, z kila mahali, tangu enzi. Kisiwa kizima kinawacheka. Yeye amekuwa akimcheka tangu walipokaa dawati moja, na kila simu lazima amwambie aseme "medh", na mwenzake anasema "mez" kwa makusudi, na bibi anamwita punda, na hapo ndipo mazungumzo yanapoanza rasmi.

Nikarudi jikoni natabasamu peke yangu. Kumbe na kwa wazungu kuna wabara.

Simu ile ilikuwa Ijumaa mchana, wenye nyumba wakiwa wamejilaza baada ya kula. Bibi alikuwa akivaa sweta jepesi kwa ajili yake, Maskati, mwezi wa saba, kwa sababu eti mwenzake atasikia baridi akijua hajavaa. Kwingine kote alikuwa mgonjwa na mpole. Kwenye simu alikuwa mtu wa miaka kumi na sita mwenye ulimi mchafu. Mimi nilikuwa nakaa karibu na kikapu cha kunde, natoa maganda, naokota maneno. Nilishajua kusema asante sana, hali ya hewa ikoje, na neno la msichana, "hardel", ambalo bibi alikuwa akiniita, na mimi kwa muda mrefu nikadhani ananilinganisha na haradali.

Halafu Ijumaa moja aliita, "Etu la?" na sauti ngeni ikajibu kwa Kiingereza. Alikuwa nesi wa nyumba ya wazee. Alikuwa na sauti nzuri, ya kufundishwa, ile ya kutoa habari mbaya kama mtu anayetandika kitanda. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanipa simu mkononi kama sahani aliyomaliza kulia, akasema, "Basi."

Hilo ndilo lilikuwa neno lake pekee la Kiswahili. Alijifunza kwangu, la kunizuia nisizidi kummiminia chai.

Baada ya hapo akanyamaza. Sisemi alizira, wala hakulia mbele yetu. Alikula, alikunywa dawa, alisema ndiyo na hapana kwa Kiingereza. Lakini alikuwa kama nyumba ambayo wenyewe wamehama wakaacha taa moja inawaka. Asubuhi uani alikuwa akitembea bila kuitukana hali ya hewa. Nikajua hatari iko wapi. Hakuwa amebakiwa na mtu hata mmoja wa kumjibu kwa lugha yake, na mtu asiyejibiwa hatimaye huacha kuita. Akishaacha, nini kinafuata? Bibi yangu mzaa baba, kule Singida, alianza hivyo hivyo.

Baba wa nyumba, masikini, akafanya kile wanachofanya wasomi wakiogopa: akamtafuta mtaalamu. Akapatikana mmoja wa chuo fulani huko Ulaya, kijana msafi mwenye ndevu za kupimwa, akatokea kwenye kompyuta akiwa amejaa heshima. Akasema lugha ya bibi ni hazina. Akasema iko hatarini. Bibi akamtazama kama mtu aliyeambiwa nyumba yake inaungua na mtu aliyekuja kupiga picha.

"Tuanze na vitu vya nyumbani," kijana akasema, akiinua kijiko. "Hiki mnakiitaje?"

"Kijiko," bibi akajibu. Kwa Kiingereza.

"Kwa Kijeriye?"

"Kwani wewe hukijui?"

"Nakijua, bibi, ila nataka nikusikie wewe."

"Kama unakijua unaniulizia nini?"

Akainua sahani. Bibi akamwambia ni sahani. Akainua kikombe, naye bibi akainuka, akaniashiria nimshike mkono, tukaondoka. Kijana akabaki kwenye kioo ameshika kikombe, na baba wa nyumba akimwomba radhi. Nilimhurumia kweli. Alikuwa amekuja na kila kitu isipokuwa ugomvi.

Aliyefuata kujaribu ni mama wa nyumba. Hili nalisimulia kwa upendo. Jioni moja alitoka ofisini, akavua viatu, akaketi mbele ya mama mkwe wake, akatoa ulimi kwa ufasaha wote wa Mji Mkongwe, akasema "medh". Ilikuwa dh safi, dh ya kuwekwa kwenye kabati la vioo. Nina hakika hata kwao Jezi haipo ya namna ile.

"Vizuri sana," bibi akasema kwa Kiingereza, kama unavyomwambia kasuku. Akarudi kutazama dirisha.

Mama alikuja jikoni ameumia. "Nimekosea wapi?"

"Hukukosea popote, mama."

"Basi mbona hakunijibu?"

"Labda ndiyo maana."

Akanitazama. "Wee mtoto, siku hizi unasema mafumbo." Kisha, kwa kuwa moyo wake ni mzuri na kichwa chake ni cha ofisi, akaamua kwamba mimi ndiye ninayekaa na bibi kutwa, basi mimi ndiye nifundishwe. Kila siku nikikata nyanya yeye yuko pembeni na kikombe cha kahawa, "Toa ulimi. Dhahabu. Dhiki. Dhoruba." Nami najitahidi, ulimi nje, natema mate juu ya nyanya za watu. Dada wa Mbeya alinikuta siku moja najisemea uani, akaniuliza kama nimeumwa na nyuki.

Siku jambo lenyewe lilipotokea sikuwa hata nimejiandaa. Mama yangu alikuwa amenitumia picha kutoka nyumbani. Amesimama mbele ya mlango amevaa viatu vilivyonunuliwa kwa mshahara wangu, vimempwaya, lakini amekaza uso kama waziri. Nilifurahi nikataka kumwonyesha mtu, na mtu wa karibu alikuwa bibi. Nikapiga magoti kando ya kiti chake, nikamwekea simu mbele ya macho. Nikajiambia, sasa, ulimi nje.

"Bibi, tazama. Ma mez."

Nikasikia mwenyewe kwamba nimekosea. Masomo yote yale ya nyanya, na ulimi ulikuwa umejifungia ndani kama kawaida.

Bibi hakutazama picha. Alinitazama mimi, mdomo.

"Medh," akasema.

"Mez," nikasema. Nilikuwa najaribu kweli.

"Medh."

"Mezz..."

"Punda," akasema. Kwa Kijeriye. Neno hilo nililijua vizuri, nilikuwa nimelisikia kila Ijumaa. Kisha likafuata jingine ambalo sikulijua, na jingine, na kidole kikaanza kutikisika mbele ya pua yangu, na sauti ikapanda mpaka ikawa ile ya kuitia ng'ombe. Alikuwa ananigombeza. Alinigombeza mimi, na kona yangu, na vijumba vyetu karibu na bahari, na mababu zangu wote wasiojua kutoa ulimi. Mimi wa Singida, ambako bahari tunaisikia redioni. Nikawa nasema "ee, ee", na kila anaponyamaza kuvuta pumzi namchokoza tena: mez. Mwishowe akacheka. Kisha ndipo akaitazama picha, akasema viatu ni vikubwa.

Sikuwa nimemjibu kitu cha maana hata kimoja. Nilikosea tu, kwa namna aliyoizoea.

Tuligombana hivyo wiki nzima na nyingine zilizofuata, na katika ugomvi nikajifunza. Panya, mkate, mlango, mvivu, mwongo, nyamaza. Alinifundisha kama mtu anayerusha vyombo. Jumamosi moja baba alitupeleka Qantab, pale kwenye ghuba ndogo ya wavuvi, tukamweka bibi kwenye kiti cha kukunja, akaitazama bahari kwa dharau kubwa.

"Hii bahari haijatoka hapo tangu tufike," akasema.

"Iende wapi, bibi?"

"Ya kwetu inatoka. Inakwenda mbali mpaka huioni, unatembea juu ya mawe yake unaokota unachotaka, kisha unakimbia kabla haijarudi. Hii imelala tu. Mwarabu kaizoesha vibaya."

Yote hayo kwa Kijeriye, na mimi nikishika neno moja kati ya matatu na mengine nikiyasoma mikononi mwake. Baba wa nyumba alikuwa amesimama nyuma yetu na chupa ya maji. Akaenda akakaa garini muda mrefu, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, akasema ni vumbi. Qantab hakukuwa na upepo hata wa kupeperusha uzi.

Na jambo la ajabu ni kwamba ulimi wangu ulikuja ukatoka. Asubuhi moja nafagia nikasema "dhambi", safi, nikashtuka mwenyewe. Nikarudia. Dhahabu, dhiki, dhoruba, zote ziko pale zimejipanga. Nikaona hii ni habari mbaya. Kwa bibi nikaendelea na z kama mfanyakazi anayevaa sare, na kwa mama pia, maana nyumba ni moja na maneno husafiri. Mama aliyatia masomo yake kaburini. "Nimeshindwa," akamwambia mumewe, "huyu mtoto ulimi wake ni wa mbao." Nikainama kwenye sinki nisionekane.

Basi baba, kwa furaha, akawasimulia watu wa kisiwani kwamba mama yake anasema tena. Huko wakafurahi kuliko yeye, maana wasemaji waliobaki wanawajua mmoja mmoja kama watu wanavyowajua ng'ombe wao. Haukupita muda akaja mezani na habari.

"Mama, kule nyumbani wamepata chumba. Kwenye nyumba ya wazee. Kina dirisha."

Sote tulijua chumba hicho kimepatikanaje: kilikuwa cha yule marehemu rafiki yake. Wala bibi hakuhitaji kuambiwa dirisha linatazama wapi.

"Kuna nani?" akauliza.

Baba akamtaja mzee mmoja, aliyekuwa akiendesha lori la maziwa.

"Yule? Bado yu hai?"

"Yu hai. Wanasema anaisema lugha kutwa, ila hakuna wa kumjibu."

"Alikuwa mjinga tangu shule," bibi akasema. Akafikiri kidogo, na nikaona kitu kinachemka usoni pake, kile cha siku za Ijumaa. "Alimwibia baba yangu matofaa, akasema ni upepo. Nina mengi ya kumwambia yule."

Nikajua amekwishaondoka. Ndiyo kazi niliyokuwa nimeifanya kwa bidii zote zile: kama mganga anayemtibu mgonjwa mpaka anapata nguvu za kuhama kijiji. Nilitamani kukasirika, nikakosa wa kumkasirikia. Mzee wa lori? Masikini, hakujua kinachomjia.

Siku ya safari nilimvalisha sweta. Mlangoni akanishika shavu kwa vidole viwili, akasema, "A beto, ma hardel," maana yake tutaonana karibuni, msichana wangu. Wote wawili tulijua hiyo karibuni ni ya adabu tu. Nikamjibu kwa sentensi nzima, niliyokuwa nimeitayarisha, kumtakia safari njema na kwamba amsalimie yule mjinga. Na nikaisema kwa z zake zote. Akaniita punda. Gari likaondoka.

Mama wa nyumba alibaki nami barazani, ameshika mtandio wake usipeperuke, japo upepo haukuwepo. "Nyumba itakuwa kimya," akasema. Kisha, bila kunitazama: "Wee. Nilikusikia juzi unafagia. Ulisema dhiki."

"Mimi, mama?"

"Wewe. Kama mtu wa Malindi ya Unguja."

"Labda ilikuwa redio."

"Labda," akasema, akaingia ndani, na tangu siku hiyo hajanisahihisha tena. Hata nikisema tafazali ananipa ufunguo.

Bibi tunampigia Ijumaa. Mara nyingi hapatikani. Nesi yule mwenye sauti ya kutandika kitanda anatuambia yuko ukumbini na yule mzee, wanabishana tangu chakula cha mchana, na wengine wameomba wahamishiwe meza nyingine. Baba anacheka mpaka anatoa machozi. Mimi nacheka pia. Kuna siku nimempigia kwa simu yangu mwenyewe, nikiwa na neno la kumwuliza, ikaita mpaka ikachoka.

Kwa hiyo, kwa hesabu zangu, msemaji pekee wa Kijeriye katika jiji zima la Maskati ni mimi, binti wa Singida, kidato cha pili, lafudhi ya mashariki ya kisiwa. Hakuna chuo kilichonipigia. Ndevu za kupimwa hazijaniinulia kijiko.

Wiki iliyopita nilipanda juu ya paa na shuka za kile chumba chake, zilizofuliwa kwa ajili ya wageni wa mama. Ilikuwa saa nne asubuhi, lile jua la Maskati linalokushika shingo kama polisi. Nilipokuwa nabana kibanio cha mwisho, upande wa kwanza wa shuka ulikuwa umeshakauka, mkavu unaolia kama karatasi. Nikataka kulisema hilo kwa Kijeriye: shuka inayokauka kabla hujamaliza kuianika. Nikalitafuta neno kichwani nikalikosa. Na halipo, naapa. Kwao kuna mvua, shuka zinakaa kambani siku tatu zikimsubiri Mungu.

Nikatazama huku na huku. Juu ya mapaa mengine palikuwa na matangi ya maji tu na madishi. Nikachukua "kauka" yetu, nikaikata mkia, nikaivalisha mbele "la" yao, ile wanayoitanguliza kwenye majina ya vitu, nikaisema kwa sauti, mara moja, polepole, kama mtu anayemwita mtoto jina lake jipya.

"La kauk."

Hakuna aliyenisahihisha. Nikaikunja shuka, nikashuka nayo.